Sukari Iliyofungwa kwenye Gazeti

Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la kijiji chetu huko Mbinga. Darasa lilipokufa, wenzake wengi walisahau. Yeye hakusahau, na sababu ilikuwa sukari. Mwenye duka aliifunga kwenye kurasa za magazeti ya zamani, na gazeti mojawapo lilikuwa na hadithi ya kuendelea, ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake.

Mama naye alikuwa mjane. Basi alisoma. Kurasa zilikuja shaghalabaghala, hata kesi ya shamba aliisoma kabla ya msiba wa mume. Nyumbani tulipigwa marufuku kuwashia moto karatasi ya sukari, na kule dukani alikuwa msumbufu kweli.

"Hii nimeshaisoma, baba. Nifungie kwenye ile ya chini."

"Mama, unanunua sukari au unanunua mjane?"

Walicheka wote wawili, lakini ukurasa alipewa.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, mifuko ya nailoni ikaja. Sisi watoto tuliishangilia, tukaipuliza, tukaifungia mipira. Nikiikumbuka furaha ile naona uchungu. Mama aliigeuzageuza sukari yake, akauliza magazeti yako wapi.

"Mambo ya kisasa haya, mama. Hata mvua ikinyesha, hailowi."

Nilipoanza sekondari nilimletea gazeti zima, jipya kabisa. Alimtafuta mjane wake kurasa zote, kisha akalikunja. "Hawa siwajui," alisema. Shuleni walimu walikuwa wakituambia kwamba watu wa kwetu hawapendi kusoma. Upuuzi mtupu! Mama alipenda, alichokosa ni mwisho wa ile kesi.

Miaka ikapita, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kuja mpaka uani. Nilikuwa likizo siku mmoja wao alipompimia mama kahawa yake, akamnyooshea karatasi na kalamu. Mama aliitazama kalamu, akamrudishia. Akaomba wino, akabonyeza dole gumba. Mama yangu, aliyewahi kuandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni! Nilitaka kulia.

Mnunuzi alipoondoka, mama alikaa akijifuta wino kwenye kanga.

"Yule mjane," aliniuliza, "walimrudishia shamba?"

Sikujua. Na mpaka tunamzika, pale katikati ya mibuni yake, sikuwa nimejua.