Mashine Isiyogharimu Kitu

Mzungu mmoja mwenye karakana karibu na stesheni aliondoka Elisabethville Julai 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo na kujitangaza kuwa nchi. Kabla ya kuondoka alitaka kumuuzia Liévin mashine yake ya kupasulia mbao kwa bei ya baiskeli. Liévin, seremala wa mtaa wa Kenya, aliizunguka mashine ile mara tatu, akaigonga kwa kidole, akakataa. Alikuwa ameshaona ilivyoundwa: sahani ya meno, mota, mkanda na meza. Mtu mwenye akili zake hatoi baiskeli kwa ajili ya meza.

"Yangu ntaitengeneza mwenyewe," alimwambia mkewe Virginie. "Bure kabisa."

Sahani ya meno aliipata kwa kubadilishana na baiskeli.

Mota ilitoka kwenye pampu ya maji, na mwenye pampu akachukua redio. Beringi zilikuwa za lori bovu. Dereva alivaa suti ya Liévin ya Jumapili mpaka ikamchanikia. Umeme aliuvuta kutoka baa ya jirani yake Mado, kwa makubaliano ya stuli mbili kila mwezi. Kila alipowasha, gramafoni ya baa ilipunguza sauti kama mtu aliyepewa habari mbaya, na walevi wakatoka nje kumtukana. Liévin hakuona gharama yoyote hapo, maana mfukoni hamkutoka hata faranga moja.

Ikabaki meza. Aliitengeneza kwa mbao za sokoni, lakini mbao zile zilikuwa zimetoka porini juzi. Baada ya wiki mbili meza ilijipinda, sahani ikawa inakula upande, na siku moja ikamrushia kipande kilichompita sikioni. Meza ya mashine inataka mti mgumu uliokauka miaka. Mti wa namna hiyo nyumbani kwake ulikuwa mmoja tu, nao Virginie alikuwa akilala juu yake.

Kitanda kile cha mulombwa Liévin alikitengeneza mwaka wa 1953, kwa sababu baba yake Virginie alikataa mahari yasiyo na kitanda. Mzee yule, ambaye sasa ni marehemu, alisema mbele ya mashahidi kwamba siku binti yake atakapolala chini, siku hiyo arudi kwao Mitwaba. Liévin aliitikia mbele ya mashahidi hao hao.

"Wiki mbili tu," alimwambia Virginie, bisibisi mkononi. "Kazi ya kwanza ya mashine itakuwa kitanda yako."

Mashine ilifanya kazi vizuri ajabu. Ila nchi mpya ina wakubwa wengi, na kila mkubwa anataka kukaa. Zikaja oda za viti, kisha meza, kisha viti vya wanaongoja kuonana na waliokaa kwenye viti vya kwanza. Kitanda kikawa kinafuata oda iliyo mkononi, na oda iliyo mkononi haikuisha. Virginie alikunja mkeka asubuhi, akaukunjua usiku. Tumbo likaanza kuonekana. Hakusema kitu, na Liévin, kwa utulivu wa mwanaume ambaye hajaambiwa kitu, akaamini kwamba hakuna neno.

Novemba 1961 mama mkwe aliwasili juu ya lori, na kuku wawili, kumngojea mjukuu. Jina lake Nkandu. Liévin alitokwa na jasho mara moja, halafu akakumbuka mila, akaishukuru. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana, na mama mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha binti yake. Nkandu alilala ukumbini, na pazia la chumbani halikufunguka. Kwa wiki tatu Liévin alikuwa mtu wa mila kuliko wote mtaani.

Desemba vita vya Katanga na majeshi ya Umoja wa Mataifa vikaingia mjini. Asubuhi moja mabomu yalianza kupita juu ya mtaa wa Kenya yakipiga mluzi, na mabati ya jirani yakaruka. Kitu kigumu kuliko vyote pale nyumbani kilikuwa mashine, kwenye kibanda cha nyuma. Virginie, mwenye mimba ya miezi saba, aliingia chini ya meza. Mama yake akamfuata. Liévin alisimama nje kwa sababu ya heshima, mpaka bomu la pili, naye akaingia.

Walilala watatu wamebanana, Virginie katikati. Nkandu alijifunika uso kwa kitenge, lakini mkono wake ulibaki nje, ukawa unapapasa mbao iliyokuwa juu ya pua yake. Ukapapasa matundu ya zamani, mahali ubavu wa kitanda ulipokuwa ukichomekwa. Ukasimama.

"Virginie, umuambie bwana yako, hii mbao miye naijua."

"Anasema hii mbao anaijua."

"Nimesikia," alisema Liévin.

"Umuulize, we uko unalala wapi?"

Virginie hakumuuliza mtu. "Ku mukeka, mama. Mwaka moja na miezi mbili."

Alisema bila hasira, kama anayetaja umri wa mtoto. Liévin alijua idadi ya viti alivyotengeneza, mpaka cha mwisho. Miezi hiyo hakuwa ameihesabu, lakini Virginie aliihesabu yote, akiwa chini, kimya. Aibu ilimshika mpaka akasahau mabomu.

Nkandu akafunua uso, akamtazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Liévin. Baba yake alikuambia nini?"

"Akilala chini, arudie kwenu."

"Na we ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo, mama."

Mchana milio ilihamia upande wa uwanja wa ndege. Liévin alitoka, akashika spana, akafungua mota, akang'oa sahani. Oda ya viti kumi na viwili ilikuwa inangoja, akaiacha ingoje. Alikiunga kitanda kwa misumari mahali alipokuwa amekata, na katikati ya ubao mmoja ukabaki ufa wa kupitishia mkono, mahali meno yalipokuwa yakitokea.

Nkandu aliuambia ukuta kwamba kulala na mama mkwe chini ya kitanda kimoja, hata kama kinaitwa mashine, faini yake ni mbuzi mmoja. Ukuta haukujibu. Liévin alijibu kwamba atampata. Habari ya kurudi Mitwaba haikutajwa.

Virginie alipanda kitandani na viatu vyake. Mume wake na mama yake walikaa ukumbini kwenye saruji, kila mmoja akitazama upande wake, wakimsikiliza akikoroma, na mpaka jioni hakuna aliyethubutu hata kukohoa.