Aliyepokea Mkaja

Saa ya Doha na saa ya Muheza ni moja. Niligundua hivyo siku ya pili baada ya kufika, nilipotaka kurekebisha simu yangu nikakuta haina cha kurekebishwa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Saa moja asubuhi, nikiwa kwenye basi la kampuni kutoka Al Wukair tunakolala kwenda Lusail kazini, nilijua mdogo wangu naye anachemsha chai. Nikishika kijiko mchana, nyumbani nako wanapakua. Sikujua bado ubaya wa jambo hilo. Saa zikiwa zileile huwezi kujidanganya kwamba mambo ya kwenu yatatokea baadaye, ukipata nafasi. Yanatokea sasa hivi, na wewe hupo.

Nilikuja kwa mkataba wa miaka miwili, kusafisha vyumba hotelini. Likizo ya kwenda nyumbani hupatikana miaka hiyo ikiisha. Kwetu waliposikia neno hoteli walisema nimekwenda kupumzika. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliniaga kwa kuniambia nisinenepe nikashindwa kupita mlangoni siku ya kurudi. Miezi mitatu ya mwanzo nilipungua hadi sare ikabidi ibanwe kiunoni kwa pini.

Kisha nikazoea. Mtu huzoea. Mwezi wa saba maji ya bomba la baridi huunguza, kwa hiyo tulikuwa tunajaza ndoo asubuhi na kuiacha chumbani kwenye kiyoyozi ili jioni tuoge kama watu. Nilizoea kugonga mlango mara tatu na kujitambulisha, hata kwenye chumba ninachojua ni kitupu. Nilizoea kukunja kona za shuka hadi mikono ikawa inafanya yenyewe. Chai yao ya karak, yenye maziwa mazito na iliki, niliisema vibaya wiki nzima, halafu nikawa siwezi kupanda basi bila kuinywa.

Chumbani tulikuwa wanne. Aliyelala kitanda cha chini yangu alikuwa mama mmoja wa Nakuru, amenizidi umri kidogo, ameshafanya kazi nchi mbili kabla ya hii. Aliniita Tanzania. Alisema nikianza kumsalimu mgeni, mgeni huyo anaweza kurudi kwao kabla sijamaliza. Mimi nikamwambia yeye akisalimu watu hudhani wanadaiwa. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Kitu kimoja nilikizoea zaidi ya vyote, nacho ni dakika. Basi likisema saa kumi na mbili na dakika ishirini, halingoji ya ishirini na moja. Chumba kina dakika zake. Chakula cha mchana ni nusu saa, na katika nusu saa hiyo tu ndipo unapoweza kushika simu, kwa sababu ukiwa kazini simu hukaa kwenye kabati la chuma, chini kabisa ya jengo, karibu na mashine za kufulia. Mwaka mmoja na nusu wa maisha hayo ukanigeuza bila mimi kujua.

Ndipo ikaja posa ya mdogo wangu wa mwisho.

Lazima niseme alivyo kwangu. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka uleule. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nyuma yangu kuna wavulana wawili, na wa mwisho ni msichana wa miaka miwili. Arobaini ya mama ilipopita, wakubwa walikaa barazani wakatugawa. Wavulana waende kwa mjomba Handeni, mtoto achukuliwe na mama mdogo, mimi nitafutiwe kazi za ndani mjini Tanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Sikuwahi kusema mbele ya wazee kabla ya siku ile. Nikasema hatugawanyiki. Mama mdogo akacheka, na wala hakucheka kwa ubaya, akaniuliza, "Wewe mwenyewe unaamshwa na nani asubuhi?"

Kuanzia hapo nikawa mimi ndiye ninayewaamsha. Shule niliiacha, nikawa nakaanga maandazi ya kupeleka shuleni wanakosoma wenzangu. Sitamsingizia mama mdogo. Alikuwa na watoto sita na mume mgonjwa, na kila mavuno alituletea mahindi. Lakini homa za yule mtoto nilizikesha mimi. Kunyonya kidole nilimwachisha mimi, kwa majani ya mwarobaini. Wanaume wawili walikuja kuniposa miaka ile. Wa pili alikuwa mtu mpole, alinisubiri mwaka mzima. Nilimwambia nakuja na watatu. Akafikiri, akasema angemudu mmoja. Nikamwombea heri.

Kwa hiyo yule kijana fundi umeme alipoleta barua, mdogo wangu wa kiume anayenifuata alinipigia kwanza kabla ya kujibu. Niliuliza kama anasali na kama ana mkono mwepesi wa kupiga. Nikaomba wasubiri likizo yangu, miezi sita mbele. Upande wa kijana wakaeleza kwamba bibi yake yu kitandani na anataka kuiona harusi hiyo kwa macho yake. Mtu hawezi kumnyima bibi mgonjwa. Nikakubali, nikaomba jambo moja tu. Niliomba mkaja uje kwangu.

Mkaja ni kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Kwetu, mwanamume anapooa, katika vile anavyotoa huwa kuna mkaja wa mama, ni shukrani kwa mwanamke aliyembebea mke wake. Siku hizi huletwa kwenye sinia pamoja na doti ya kanga. Sikutaka kanga. Nilitaka itamkwe, wazee wakiwa wamekaa, kwamba mkaja wa binti huyu ni wa dada yake. Mara moja tu, kisha waendelee na chai yao.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Niliwaambia wanipigie saa saba na nusu, nitakuwa kwenye chakula, nitajibu mwenyewe kwa kinywa changu. Niliwaambia hivyo kama ninavyoambiwa na msimamizi wangu. Sikukumbuka, mimi niliyezaliwa Muheza, kwamba wageni wa posa hawafiki kwa wakati. Wakiwahi wataonekana wana njaa. Watakuja baada ya Adhuhuri, watasalimiana, watauliza mvua, watakunywa maji, na mwenye hekima ataanza kwa mbali. Niliwapa wazee wangu nusu saa, kama wanaosafisha chumba.

Nilikaa kwenye benchi mbele ya makabati, simu mapajani, wali unapoa. Saa saba na nusu. Saa nane kasorobo. Mama wa Nakuru alipita na sahani yake, akanitazama, akapita. Saa nane kamili nikairudisha simu ndani, nikafunga, nikapanda ghorofani. Nilikuwa na vyumba sita bado.

Niliposhuka jioni nilikuta nimepigiwa mara tano.

Mdogo wangu wa kiume alinisimulia huku sauti yake ikiniomba msamaha. Wageni walifika saa nane na nusu. Mshenga, msemaji wa upande wa kijana, alipofika kwenye mkaja aliuliza upelekwe kwa nani. Mdogo wangu akawaomba wangoje, akapiga. Wakangoja. Akapiga tena. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba mkaja hauulizwi kwenye simu. Na mama mdogo, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, akainua mkono. "Mimi hapa. Damu moja na mama yake." Watu wakasema alhamdulillahi. Chai ikaletwa.

Simu yangu ilikuwa inalia kwenye kabati la chuma, na mimi nilikuwa ghorofa ya tisa nabadilisha foronya.

Jioni ileile bi harusi mwenyewe akapiga.

"Dada, nikwambie kitu, usikasirike."

"Sema."

Akaeleza kwamba alisikia yote akiwa chumbani, na mwari hawezi kutoka kusema mbele ya wakwe. Lakini mkaja wenyewe utaletwa siku ya ndoa, hivyo bado kuna njia. Kaka anaweza kwenda kwa mshenga, jina likabadilishwa. Tatizo ni mama mdogo. Amesema wakibadilisha atakunja mkeka wake aondoke, harusi ifanyike nyumba haina mtu mzima. Tena amesema neno. Hilo neno nililivuta kwake kama nilivyokuwa nikimtoa mwiba alipokuwa mdogo.

"Kasema asiyezaa hapokei mkaja. Atafunga tumbo gani."

"Kasema mbele ya watu?"

"Jikoni."

"Jikoni ndiyo mbele ya watu."

Nikamuuliza yeye anataka nini. Akasema anachotaka ni kile ninachotaka mimi. Lilikuwa jibu zuri, nililomfundisha mwenyewe, na siku ile halikunisaidia chochote. Nikamwomba siku tatu.

Mama wa Nakuru hakuhitaji siku tatu. Alikuwa amekaa chini anapaka miguu mafuta.

"Si wewe ulimlea?"

"Mimi."

"Basi hiyo kitambaa ni yako. Huyo shangazi yako apewe leso apanguze jasho aende."

"Si shangazi, ni mama mdogo."

"Hata akiwa mama mkubwa. Sasa wewe unanyamaza aje?"

Nilicheka, na ni kicheko cha mwisho ninachokikumbuka wiki ile. Siku tatu nilitandika vitanda nikigombana na watu wasiokuwepo. Nilimjibu mama mdogo kwenye chumba baada ya chumba, na majibu yangu yalikuwa mazuri sana. Tumbo gani? Njaa za watoto watatu nilizifungia tumbo lipi? Lakini siku ya tatu, nikinyoosha shuka, nikajiuliza maswali mengine. Asubuhi ya harusi, nani atampaka hina yule mtoto? Nani atasimama na masufuria? Akilia, kwa sababu atalia, atalilia bega la nani? Mama mdogo akikunja mkeka wake, mimi nitakuwa nimeshinda, nikiwa Lusail, na yeye atakuwa peke yake.

Nikampigia bi harusi jioni.

"Mwambie mama mdogo apokee."

"Kweli, dada?"

"Neno langu unalijua."

Nikamsikia anashusha pumzi. "Ahsante, dada. Nilijua utakubali. Nilishamwambia."

"Ulimwambia lini?"

"Juzi."

Juzi. Nilikuwa bado nabishana na mito ya hoteli, na jambo limekwisha kusemwa, sufuria zimekwisha kuazimwa. Sikumkemea. Alikosea wapi? Miaka kumi na minane alikuwa ananitazama nikimpisha kila mtu mlangoni, akajua kwa hakika nitapisha na hapa. Alinijua kuliko nilivyotaka kujulikana. Nikamuuliza kama gauni limeshonwa. Akanieleza habari za gauni kwa muda mrefu, kwa furaha, na nilisikiliza yote.

Siku ya ndoa nilibadilishana zamu na mwenzangu mmoja, nikabaki Al Wukair. Wenzangu wa chumbani walikuwa kazini. Nilioga, nikavaa dera, nikajipaka wanja kana kwamba kuna atakayeniona, nikapanda kitandani kwangu juu na simu. Mdogo wangu wa kiume aliniwekea picha ya moja kwa moja. Niliiona baraza yetu ina zulia la kuazima. Nilimwona bi harusi kwa mbali, amefunikwa, nikaujua mkao wake wa kuinamisha shingo upande mmoja. Saa nne sinia likaletwa. Mama mdogo akalipokea kwa mikono miwili, akalia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alilia kweli, akamtaja mama yetu kwa jina, na wanawake wakapiga vigelegele.

Uso wa mdogo wangu wa kiume ukajaa kwenye simu.

"Dada, umeona?"

"Nimeona."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi. Nenda kahudumie watu."

Akaitumbukiza simu mfukoni na hakukata. Giza likajaa kwenye kioo, lakini sauti zikabaki. Ningeweza kukata mimi. Nilisikia nguo yake ikikwaruza, hatua zake, mtu anauliza vijiko vya pilau viko wapi, na nilijua vilipo, viko kwenye ndoo ya bluu uvunguni mwa kitanda changu cha nyumbani. Nikasikia wakivitafuta. Akapita ukumbini, akapita uani, akasimama mahali karibu na chumba cha ndani kwa sababu nilianza kusikia sauti za wasichana wanacheka. Katikati yao nikaisikia sauti ya bi harusi, ina haraka, ina kitetemeko kidogo.

"Mama yuko wapi? Mwiteni aje anifunge huku nyuma."

Nilikuwa nimeshateremka kitandani, mguu mmoja uko kwenye kandambili, mkono umeshika ngazi, niliposikia mama mdogo akimwitikia.

"Nakuja, mwanangu."

Nikakaa kwenye kitanda cha chini, cha mwenzangu. Nikasubiri mpaka niliposikia hatua za mama mdogo zimefika, na mlango ukafungwa.