Posa Aliyoileta Rais Aliyeshindwa

Mwanangu, naikumbuka alasiri ile ya posa yangu, nimejibana nyuma ya pazia nikisikiliza wanaume wakiniamulia. Tulia unisikilize, maana keshokutwa tunakwenda Chamazi kukuposea, na jana uliniambia, "Bibi, hiyo ishu ya babu na vita tusiiguse. Wataniona mjukuu wa mkimbizi." Sikukubaliana nawe.

Baba yangu, Mwarabu wa Kurasini aliyezaliwa hapohapo, alikuwa na duka la kamba na maturubai, na wateja wake wengi walikuwa makuli wa bandarini. Babu yako Yusufu alikuwa mmoja wao. Alikuja na wenzake baada ya jeshi lao kupigwa, kutoka nchi ambayo sitaitaja, maana vidonda vyake havijapona. Rais wao naye alikimbilia hapa, akapanga vyumba viwili jirani na yadi ya makontena. Watu walimcheka, rais bila nchi. Mie nilimwona kwa macho yangu akizunguka kwa mawakala wa forodha, kofia mkononi, akiwaombea kazi vijana wake. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Yusufu hakuwa na baba wala mjomba huku. Aliyekuja kumposea ni huyo rais, shati limepigwa pasi, kashika kifurushi cha halua. Kwa desturi muoaji haji, lakini baba alitaka kumwona, basi naye akaketi karibu na mlango.

"Nasikia nyie mlishindwa vita mkakimbia," baba alisema. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

Yusufu akadakia, "Hatukushindwa, mzee. Tulisalitiwa."

Nikamsikia rais akiweka kikombe chini.

"Nyamaza, Yusufu. Tulishindwa." Kisha akamgeukia baba. "Wakubwa wa jeshi langu waliniambia tufanye suluhu mapema, nikakataa kwa kiburi. Vijana walitii amri yangu, na wengi hawakurudi. Waliobaki wanataka niwaongoze tena, nimewakataza. Aliyeshindwa ni mimi, mzee mwenzangu. Kama ipo aibu, nibebeshe mimi. Usimnyime kijana mke kwa kosa langu."

Mwanangu, nilisogeza sikio karibu zaidi na pazia. Yusufu alishaniambia kwamba akinikosa, atawafuata wale waliokuwa wakipanga kurudi vitani kwa siri.

Baba alimmiminia rais kahawa nyingine. "Dukani kwangu hupita watu wengi wa kujisifu," alisema. "Wa kujisema ni wewe wa kwanza. Binti yangu akipata dhiki, nitakuja kushitaki kwako."

"Njoo," rais alijibu. "Nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo. Alikuwepo baba yako alipozaliwa, alikuwepo Yusufu alipovunjika mguu bandarini. Rais alipofariki, waliobeba jeneza lake walikuwa watu wazima wenye watoto, wanaume ambao angeweza kuwarudisha vitani wakafia huko. Nchi yake hakuipata tena, lakini mie namhesabu kiongozi kuliko wengi walioshinda. Nimekuwa mke wa askari wa jeshi lile maisha yangu yote, na ninajivunia.

Basi, mjukuu wangu, mume wangu mdogo, shika haya. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukikosea, sema umekosea kabla hujasemewa, na lawama ya walio chini yako ibebe wewe. Wala usijenge nyumba yako juu ya jambo la kuficha, maana mficha uchi hazai. Keshokutwa wakituuliza sisi ni watu gani, nitajibu mimi, na nitaanzia kwa babu yako na rais wake. Wakikunyima binti kwa hilo, hao hawakuwa wakwe zako.

Mwenyezi Mungu akupe mke wa kheri na watoto wasioona haya kuulizwa kwao. Na siku utakaposhindwa, maana utashindwa tu, akujaalie moyo wa kuweka kikombe chini na kusema kweli.