Mpima Mpunga na Kifurushi Kilichokwisha

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa nakinga maji bombani, hapa nyumbani Ifakara, jirani yangu alipopita na baiskeli. Kila siku hunisalimia akiwa juu ya baiskeli yake. Siku hiyo alishuka kwanza, nikajua kuna msiba. Akasema mzee wa mizani hatunaye tena. Sikuhitaji kuuliza ni yupi. Mji huu una mashine nyingi za kukoboa mpunga na kila mashine ina mizani yake, lakini mtu aliyeitwa kwa mizani alikuwa mmoja. Aliugua kifua wiki mbili, akalazwa, akaruhusiwa, akafia nyumbani kwake amekaa kitini anasubiri uji upoe. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haitaji majina ya marehemu. Jina ni la ndugu zake. Langu mimi ni kile nilichokiona. Leo nitaeleza nilichokiona kwake, na pia jambo nililomtendea ambalo hakulijua mpaka anakufa. Nimelikalia miezi minane na nimechoka kulikalia.

Nilimfahamu kwenye mashine. Aliteremka kutoka upande wa Mahenge akiwa kijana, akalima kidogo, kisha akaajiriwa kupima mpunga na mchele, kazi aliyoifanya mpaka magoti yalipokataa. Mpimaji kwa kawaida humpendelea anayemlisha, na waliomlisha yeye ni mwenye mashine na wanunuzi wa kutoka mbali, wale waliopenda magunia yafungwe lumbesa, yaani yajazwe mpaka yaote kichwa halafu yahesabiwe kuwa gunia moja. Yeye alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupima aliigeuza mizani ili uso wenye mshale umtazame mkulima, kisha akasema, "Soma mwenyewe." Asiyejua kusoma namba alifundishwa palepale, foleni ikisubiri na wanunuzi wakisonya. Mara ya kwanza nilipopeleka magunia yangu matatu nilidhani namheshimu nilipomwambia sina haja ya kusoma, namwamini. Akanikasirikia. "Ukiniamini mimi, siku nikiwa sipo utamwamini nani? Soma, mama." Nikasoma. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana, baadaye wa kunywa chai pamoja, na alipojua kazi yangu akaanza kuniita mama mwandishi.

Simu janja aliinunua baada ya kustaafu, kwa ajili ya binti yake wa mwisho. Binti huyo ni muuguzi kwenye zahanati ya upande wa Masagati, mbele ya Mlimba, ambako mvua ikinyesha gari hulala njiani. Wako wawili tu kazini. Mgonjwa akija na jambo gumu, binti huwaandikia madaktari anaofahamiana nao, nao humwelekeza cha kufanya au humwambia amtoe mgonjwa haraka kwenda hospitali. Kifurushi cha intaneti cha kazi hiyo hujinunulia mwenyewe, na mwezi ukiwa mgumu baba yake alimnunulia kutoka Ifakara. Shida ni kwamba mvua kubwa zikishika, mnara wa huko huzimika, wakati mwingine siku mbili nzima, na kifurushi cha siku tatu hakijui habari za mnara. Siku zake zinaendelea kuhesabiwa. Mtandao unaporudi, kifurushi kimeshakufa bila kuguswa. Siku moja binti alikuwa na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Mtandao ukarudi, kifurushi muda wake ukawa umekwisha, na kwenye simu hana salio la kujiunga tena. Yule mama alipona, kwa rehema za Mungu na pikipiki ya mwalimu wa jirani. Lakini mzee hakuisahau habari ile. Kila tulipokutana aliirudia, na kila alipoirudia tuliishia kubishana.

Hoja yetu ilikuwa kama serikali iingilie kati biashara ya vifurushi. Mimi nilisema isiingilie. Nilimwambia mnara wa kule unaendeshwa kwa gharama na wateja wake ni wachache. Kampuni ikibanwa itarudi zake mijini, binti yako abaki na haki zote na mtandao asiwe nao. Nikamwambia pia kwamba kikomo cha data si dhambi, maana bila kikomo watu wangeangalia mpira na filamu kutwa kucha, na ujumbe wa muuguzi ungebaki unazunguka tu kwenye simu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama mwandishi, debe lina ukingo. Mimi sigombani na ukingo. Naomba tu wakinipimia debe, liwe debe." Akanikumbusha kwamba kwenye lumbesa nako tuliambiwa hivyohivyo, kwamba serikali ikiingia wanunuzi watalikimbia bonde na mpunga utaozea ghalani. Katazo likaja. Lumbesa haikuisha, wote tunajua wapo wanaoifunga mpaka leo, lakini wanunuzi hawakukimbia, na mkulima anayekataa ana mahali pa kusimamia. "Sheria haimfanyi mtu kuwa mwema," alisema. "Inamtia aibu kidogo." Nikaulizia hali ya magoti yake.

Miezi minane iliyopita redio ilitangaza kwamba jukwaa moja la watumiaji wa simu linakusanya maoni ya wananchi kuhusu vifurushi, ili yapelekwe kwa wakubwa wanaohusika. Walio mbali wangechangia kwa njia ya mtandao, kila mmoja dakika tatu. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Siku ya mkutano nilifika kwake mapema kumsaidia kuingia. Nilimkuta amevaa koti la kanisani, amenunua kifurushi kikubwa cha kutwa nzima, na mkononi ana karatasi aliyoiandika kwa penseli. Mke wake alitutengea mihogo na chai. Kifurushi changu kilikuwa kimekwisha asubuhi hiyo, nikamwomba aniwashie hotispoti, nitumie intaneti ya simu yake nisome barua pepe moja tu ya mhariri. Akaniwashia. Nikasoma barua, nikaiweka simu yangu mezani kando ya mihogo, tukaendelea kusubiri zamu yake kwa karibu saa nzima.

Zamu ilipofika akasimama. Nikamwambia, "Mzee, kaa, hapo wanaona vifungo vya koti tu." Akanijibu, "Niongee na wakubwa nimekaa?" Basi nikaiinua simu yake nimfuate usoni. Akaanza. "Shikamooni wakubwa wangu, na wadogo zangu hamjambo. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe." Akawashukuru walioandaa, akawashukuru waliotangulia kusema, akawaombea radhi watu wa Ifakara ambao hawakuweza kuhudhuria kwa kuwa wako mashambani wanafukuza ndege. Nilitamani aharakishe, lakini huwezi kumwambia mtu aliyelelewa vile aingie kwenye shida zake kabla hajamaliza salamu. Kisha akasema, "Mimi jambo langu ni moja tu." Hapo picha ikaganda. Ukaja ujumbe kwamba mpendwa mteja, kifurushi chako kimekwisha. Yeye hakuuona, alikuwa anatazama karatasi yake. Akaendelea kusoma. Aliomba kwamba saa ambazo mnara umezimika zisihesabiwe kwenye siku za mteja, akaeleza habari za yule mama wa Masagati polepole, akamaliza na asanteni. Nilishindwa kumkatisha. Alisema yote, kwa mpangilio mzuri kuliko wengi waliomtangulia, na aliyesikia ni mimi na mke wake.

Alipojua, akaenda dukani kwa mwendo wake ule wa magoti mabovu, akaongeza salio, akarudi. Tulipoingia tena zamu ilikuwa imepita na mwenyekiti anafunga. Akapiga simu huduma kwa wateja, akaweka sauti ya juu tukasikia wote. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu sana. "Mzee wangu, kifurushi chako kimetumika."

"Kimetumika na nani, mwanangu? Nimekinunua asubuhi, nimekaa tu."

"Mfumo unaonyesha kimetumika, mzee."

"Unaonyesha kimekwenda wapi?"

"Unaonyesha kimetumika."

Akamshukuru, akakata simu, akatuambia bila kupandisha sauti, "Wameniibia." Niliitikia. Nilimpa pole kwa moyo wangu wote, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira kwa niaba yake. Jioni nikajiunga kifurushi changu, na simu ikanipa taarifa kwamba video zangu zote zimehifadhiwa salama mtandaoni. Zilikuwa video za kipaimara cha mpwa wangu kule Kisawasawa, watu wanacheza ngoma, ndefu kwelikweli. Simu yangu imepangwa kutozipandisha mpaka ikute Wi-Fi, na hotispoti ya mzee kwake ilikuwa Wi-Fi. Wakati sisi tunakula mihogo, simu yangu pale mezani ilikuwa inakula kifurushi chake.

Ningemwambia kesho yake. Nilikusudia. Lakini nilipofika nilimkuta anawasimulia wenzake jinsi kampuni ilivyomwibia, nikaona aibu kumkosoa mbele yao. Wiki iliyofuata nikaona imeshapita wiki. Taarifa ya mkutano ilipotoka niliishusha mtandaoni, nikampelekea asome. Waliandika kwamba mchangiaji kutoka Ifakara alisalimia na kushukuru. Alicheka, akaisoma tena, safari hii hakucheka. Akaniambia, "Wewe una gazeti. Liandike basi lile jambo langu. Na ongeza la pili, kwamba mtu akinunua, aonyeshwe kimekwenda wapi." La pili hilo nililizaa mimi, naye hakujua. Nikamwahidi. Nikaandika kuhusu bei ya mbolea, nikaandika kuhusu barabara ya Mkula, nikaandika kuhusu tembo. Safu hii ilikuwa na nafasi kila wiki. Nisingeweza kuandika jambo lake bila kueleza kifurushi kilikwishaje, na nisingeweza kueleza bila kujitaja.

Binti yake aliwasili saa chache kabla ya maziko, viatu vyake vimejaa tope la njiani. Baada ya maziko nilikaa naye mkekani, akaniamkia, nikampa pole, kisha nikamweleza yote, tangu hotispoti mpaka ngoma. Alikuwa anakunja pindo la kanga. Nilitegemea maneno makali.

"Ungemwambia, mama," akasema. "Baba angecheka mpaka akohoe. Halafu angetaka azione hizo video."

Nikamwambia najua.

"Na angepumzika. Ile kuwaita wale watu wezi ilimsumbua sana. Alikuwa ananipigia simu, ananiuliza, labda nimewaonea? Mimi namwambia baba, achana nayo. Hakuweza kuachana nayo. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu umepunja kabla hajapima mwenyewe."

Kwa hiyo nayaandika mambo yake, yote mawili. Nimebadili msimamo wangu: serikali iweke kanuni kwamba mnara ukizimika muda wa kifurushi usimame, na kwamba mteja anayeuliza kifurushi chake kimekwenda wapi apewe jibu linaloeleweka. Hilo la pili lingezilinda hata kampuni, maana siku ile kampuni ilisingiziwa na haikuwa na namna ya kujitetea kwa mzee zaidi ya neno "kimetumika". Kipimo kisichoonekana humfanya muuzaji aonekane mwizi hata asipoiba, na humpa mwizi halisi mahali pa kujificha. Mahali pale siku ile nilijificha mimi. Kanuni hizo zikija zitamfaa binti kule Masagati, na nitazishangilia. Baba yake hakuhitaji kanuni. Alihitaji maneno machache kutoka kwangu, yenye gharama ya aibu ya dakika moja, na tunaowadai wakubwa uwazi tuna wajibu wa kuanza na aibu zetu ndogo wakati mwenye haki yupo hai kuzisikia. Mimi sikuzianza. Katika miezi ile minane nilikunywa chai nyumbani kwake mara nyingi, na karibu kila mara, akinisogezea kikombe, aliniuliza kwa upole, "Hivi mama mwandishi, wewe uliyesoma, unadhani kifurushi changu kilikwenda wapi?" Na kila mara nilimjibu kwamba sijui.