Karatasi ya Maabara Niliyoichomeka Kwenye Faili ya Mwingine

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Mkinisikia nasema "nilikuwa mwanafunzi tu", nizabeni kofi!

Miaka ya tisini nilisomea kazi ya rekodi za hospitali. Mimi ni msichana wa Migori, lakini chuo kilinipeleka kufanya mazoezi katika hospitali moja upande wa Homa Bay. Mwalimu akatupa kazi: chukua faili ishirini, soma ugonjwa wa kila mgonjwa, tafuta namba ya ugonjwa huo katika kile kitabu kinene, uandike. Nilitaka kumaliza wa kwanza. Sifa hizo!

Nikatandaza faili mezani kama mtu anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mbili zilikuwa za wanawake wenye jina moja, Mary Akoth. Wakati wa kuzifunga, karatasi ya maabara ya mmoja nikaichomeka kwenye faili ya mwenzake. Namba ya mgonjwa sikuangalia. Si jina ni lile lile?

Karatasi ile ilisema ana UKIMWI.

Aliyeangukiwa na karatasi isiyo yake alikuwa mama wa Rodi Kopany, mwenye mtoto wa miezi minne. Alipokuja kliniki, daktari akasoma faili, akamwambia aache kunyonyesha siku hiyo hiyo. Mumewe akaitwa, akaambiwa pia.

Siku ya tatu Akoth huyo alisimama kwenye dirisha langu la rekodi, blauzi imelowa maziwa.

"Daktari," aliniita hivyo kwa sababu ya koti jeupe, "hiyo damu nilitolewa lini? Hapa sijawahi kudungwa sindano."

Nikafungua faili. Namba ya karatasi na namba ya faili hazikufanana. Nikajua papo hapo! Lakini Ijumaa hiyo msimamizi wangu angeandika ripoti yangu ya mazoezi.

"Mama, imeandikwa. Wagonjwa wengi husahau."

"Nyathina, mwanangu, mume wangu amenifukuza. Angalia tena."

"Nimeangalia. Enda nyumbani."

Alipoondoka, nikarudisha karatasi kwa mwenyewe, kimya kimya. Kazi yangu ikapata alama nyingi kuliko za wote. Darasa likanipigia makofi!

Yule mtoto alikuwa akipewa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji ya mto. Aliharisha hadi akafa. Nilijuaje? Faili yake iliwekwa mezani kwangu niupe ugonjwa wake namba. Jina la mama: Mary Akoth, Rodi Kopany. Na niliandika! Mkono huu uliandika.

Nikamkimbilia msimamizi, nikamweleza yote. Akafunga mlango.

"Mtoto ameshazikwa," akasema. "Unataka kuzika na hospitali?"

Jumamosi nikaenda mwenyewe Rodi, nikauliza njia ya kwa mama yake Akoth, alikorudi baada ya kufukuzwa. Nilimkuta Akoth anapepeta mtama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akanishika mkono kwa nguvu, akanivuta mpaka kwa mumewe.

"Sema."

Nikasema. Jikoni mwanamke mwingine alikuwa tayari anasonga ugali. Mama mkwe wake akaniuliza, "Na huko chuoni walikufundisha nini?"

Nilidhani tumemaliza. Wapi! Akoth akanipeleka kwa kila jirani aliyekataa kunywa kikombe kimoja naye, kila aliyesema ameingiwa na chira, laana ya kuvunja mwiko. Nyumba saba.

"Sema tena."

Sauti ilikauka, machozi na kamasi vikachanganyika, na watoto wakatufuata wakicheka. Nyumba ya saba akaniachia mkono.

"Wewe umemaliza," akasema. "Mimi bado. Enda."

Sikufukuzwa chuo. Cheti nilipewa, na kazi nikafanya miaka mingi. Watu husema dhambi hulipwa hapa hapa. Mimi sijalipishwa kitu, na hilo ndilo linanitafuna.

Wewe unayeshika karatasi za watu, ukikosea piga kelele saa hiyo hiyo, hata ukose cheti, hata uitwe mjinga! Mimi nilinyamaza majuma matatu. Yule mtoto angeokolewa na sentensi moja, na mama yake alikuwa amesimama mbele yangu akiiomba.