Shingo ya Raelene Tuckwell

Kwa miaka miwili Raelene Tuckwell alirudisha gari nyuma kwa kutazama vioo tu. Wengi hawakugundua. Mumewe, Merv, aligundua, akamuuliza mara moja, akajibiwa kwamba vioo viliwekwa pale vitumike. Akanyamaza. Merv ni mtu wa kunyamaza, na pengine ndiyo maana ndoa yao ilidumu.

Raelene alikuwa na miaka arobaini na saba. Tangu akiwa na kumi na saba kazi yake ilikuwa kupanda farasi wa mashindano katika miji midogo ya bara, kule mashamba ya ngano yanakoishia na malisho ya kondoo yanakoanzia. Alipoanza, hakukuwa na chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Alivalia nyuma ya gari la kubebea farasi, baba yake akimshikia blanketi. Wanaume wakamwita "kabinti" na kumwekea dau kwamba hatafika Krismasi. Wote walikwisha kuzeeka wakaacha, yeye yupo. Asubuhi kipande kimoja cha mkate wa kuchoma na chai ya rangi, jioni maji ya moto ya kutoa jasho, ili mizani isizidi kilo hamsini na nne. Mifupa aliyovunja alishaacha kuihesabu.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata: Kombe la Burrandool, mji aliozaliwa. Hushindaniwa mara moja kwa mwaka, maduka yanafungwa, wanawake wanatoa kofia makabatini. Raelene alilishindania mara ishirini na tatu. Mara mbili alikuwa wa pili. Mwaka huu alipewa Tinker, farasi ambaye hata watu wasiojua mbele wala nyuma ya farasi walisema ndiye atakayeshinda. Jumamosi ya Kombe ilikuwa imebaki wiki moja.

Sasa habari ya shingo. Majira ya baridi ya mwaka juzi alianguka mazoezini, alfajiri, hakuna aliyemwona isipokuwa farasi mwenyewe. Akajipangusa vumbi, akaendelea. Baada ya hapo kichwa chake kikagoma kugeuka kulia. Kushoto sawa, kulia kilifika nusu ya njia kikakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Siku ya kupimwa kwa ajili ya leseni alivaa sweta nene, na daktari alipomwambia ageuze shingo aligeuza mabega yote. Daktari alikuwa na foleni ya watu nje. Akatia sahihi.

Mficha maradhi, wazee walishamaliza. Lakini Raelene alijiambia kwamba ana masikio.

Maana kwenye mbio za kule farasi huzunguka kuelekea kulia, uzio uko kulia, na kila mtu anautaka uzio kwa kuwa ndiyo njia fupi. Kabla hujavutia farasi wako uzioni lazima uwe umemwacha wa nyuma urefu wa farasi wawili. Kuhakikisha, unageuza kichwa kulia utazame. Hiyo ni sheria. Halafu kuna desturi, haikuandikwa popote: aliyeko ndani, akiona unamjia, anapiga ukelele. "Nipo! Nipo ndani!" Raelene aliiacha sheria, akaishi kwa desturi. Mwaka wa kwanza moyo ulimdunda kila kona. Mwaka wa pili ukazoea.

Miongoni mwa waliokuwa wakianza siku hizo alikuwamo Tegan Mulcahy, binti wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye sauti ya mtu mnene. Mama yake, Noeline, aliuza pai za nyama na chai kwenye banda la uwanja wa mbio, na alikuwa rafiki wa Raelene tangu shule ya msingi. Siku Tegan alipopata leseni Noeline alikuja na keki, akaiweka mezani, akasema, "Rae, mimi siwezi kutazama mbio. Nikizisikia tu naziba masikio. Wewe uko naye mle ndani. Nitazamie mwanangu." Raelene akasema atamtazama. Ndivyo alivyosema, atamtazama.

Jumamosi hiyo, wiki moja kabla ya Kombe, katika mbio za pili, Tegan alikuwa upande wa ndani wa Raelene kwenye kona, karibu na uzio, na aliita, akaita tena, akaita mara ya tatu, mpaka farasi jike wa Raelene akashtuka na kupoteza hatua. Wakashindwa kwa urefu wa pua ya farasi. Mwenye farasi akanuna. Raelene aliingia chumba cha wapanda farasi akiwa bado na kofia kichwani.

"We Tegan! Umemeza kasuku?"

"Nilikuwa upande wako wa ndani, Shangazi Rae. Nilitaka ujue nipo."

"Nilijua upo. Hata waliolala makaburini walijua upo."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akalia kama kasuku, wengine wakamwitikia.

"Ulikuwa unanikaribia," Tegan akasema, masikio yamemwiva.

"Mpanda farasi anatumia mikono, mwanangu, hatumii koo. Ukitaka kupiga kelele nenda kauze pai na mama yako."

Tegan akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Na katika watu wote waliokuwa chumbani mle, aliyezihitaji kelele zile kuliko wote alikuwa Raelene mwenyewe. Alijua hivyo wakati maneno yakimtoka. Lakini kushindwa kwa pua kunauma, na kicheko cha watu ni kitamu.

Katika mbio za nne Raelene alipanda farasi jike mwekundu aitwaye Marigold. Walipokaribia kona ya mwisho alikuwa mbele, kwa nje, na uzio ulikuwa pale kulia, mweupe. Akatega sikio. Akasikia kwato, upepo, mtu nyuma kabisa akimtukana farasi wake. Sauti ya kumwita hakuisikia. Akavuta hatamu ya kulia.

Alichohisi kilikuwa kidogo sana, kama mtu amepiga teke mlango wa chumba cha jirani. Kisha sauti ya kiume nyuma: "Kuna mtu chini!"

Hakuweza kugeuka aone. Ilimbidi amalize mbio, amtulize Marigold, amzungushe mzima mzima, ndipo akaona: farasi asiye na mtu anakimbia na hatamu zinaning'inia, na kwenye nyasi, karibu na uzio, suruali nyeupe ndogo isiyotikisika. Noeline alikuwa ameshatoka bandani, anakimbia na aproni yake, koleo la kushikia pai bado liko mkononi.

Mungu alisaidia. Mtulinga wa Tegan ulivunjika, mbavu mbili zikapata nyufa, kichwa kilikuwa salama. Jioni hospitalini Noeline alimkumbatia Raelene ukumbini, akamlilia begani.

"Afadhali wewe ulikuwa karibu naye," alisema. "Angekuwa na wale vichaa wengine peke yake, ningemzika."

Raelene alisimama mikono imemning'inia. Usiku huo na uliofuata hakula hata ule mkate.

Wasimamizi wa mbio walimwandikia shtaka la kupanda kwa uzembe. Kwa kuwa aliyeanguka alitakiwa kuulizwa, kesi iliahirishwa hadi Jumatano. Noeline akaomba Raelene ampeleke Tegan, maana yeye hawezi kusikiliza mambo yale. Basi mshtakiwa na aliyeumia wakaenda gari moja.

Njiani Tegan, mkono ukiwa kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, alisema, "Usiwe na wasiwasi, Shangazi. Nitawaambia pumzi iliniishia ndiyo maana sikuita."

"Pumzi ilikuishia?"

"Ah, jamani. Nani anaishiwa pumzi kabla ya kona?" Akacheka, mbavu zikamuuma, akaacha. "Nitasema hivyo. Lazima Jumamosi uwe juu ya Tinker. Mama ameshanunua kofia."

Hiyo nayo ni desturi yao: aliyeanguka humfunika aliyemwangusha, kwa kuwa kesho zamu inaweza kugeuka. Raelene mwenyewe alikwisha kuwafunika watu wengi. Alishika usukani kwa mikono miwili. Hakusema ndiyo wala hapana, na ukimya huo nao aliuweka juu ya ule mwingine.

Chumba kilikuwa kidogo, kina feni na jagi la maji. Mwenyekiti alikuwa Bwana Pascoe, polisi mstaafu mwenye sauti ya chini, na wenzake wawili waliokuwa wakiandika. Waliwasha video. Marigold akaonekana anaingia kulia, farasi wa Tegan anakanyagana naye, binti anaruka kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori.

"Bi Mulcahy, uliita?"

"Hapana, bwana."

"Kwa nini?"

"Pumzi iliniishia, bwana. Na farasi wangu alijipenyeza mwenyewe, sikumtuma. Shangazi... Bi Tuckwell hakuwa na jinsi ya kujua."

Pascoe akamtazama kwa muda, akawanong'oneza wenzake, kisha akafunga kalamu yake.

"Bi Tuckwell, una miaka mitatu bila kosa. Mpinzani wako hakuita na farasi wake aliingia mahali palipobana. Naona hapa tunaelekea kwenye karipio tu. Una la kuongeza?"

Karipio. Maana yake Jumamosi, Tinker, Kombe. Tegan, chini ya meza, alimgusa goti kwa goti, kama mtu anayesema: si nilikuambia?

Ni lile goti. Raelene alisema baadaye kwamba asingeguswa, angenyamaza.

"Naomba urudishe video, bwana."

"Sehemu gani?"

"Kabla sijavuta hatamu. Usimtazame farasi. Tazama kichwa changu."

Wakarudisha. Wakatazama. Kichwa cha Raelene kilielekea mbele tu, kimekakamaa kama kimepigiliwa msumari. Pascoe akarudisha tena mwenyewe.

"Hukutazama kabisa."

"Sikutazama kwa sababu siwezi. Shingo haigeuki kulia."

"Tangu lini?"

"Baridi ya mwaka juzi."

"Na daktari wa leseni?"

"Nilimdanganya." Akaendelea. "Na huyu binti hakuishiwa pumzi. Aliniita vizuri kwenye mbio za pili, nikamtukana mbele ya watu wote, nikamwambia anyamaze. Akanitii. Huyo ndiye mtu mliyetaka kumtwisha nusu ya kosa langu."

Feni ikazunguka. Mmoja wa waandishi alikuwa ameacha kuandika.

Wakamtia hatiani. Wiki tano nje ya mbio, na hata zikiisha hapandi farasi mpaka daktari watakayemteua wao apime ile shingo. Habari ya kuficha itasikilizwa kivyake. Tinker atapewa mwingine. Wakati wanatoka Pascoe alimshika kiwiko, akamwita kwa jina la nyumbani.

"Rae. Ungeweza kukaa kimya."

"Nimeshakaa, bwana. Miaka miwili."

Kwenye maegesho Tegan aliingia garini, akafunga mlango kwa nguvu kuliko mtu mwenye mbavu zile alivyopaswa. Raelene akaweka ufunguo, hakuuzungusha.

"Kwa hiyo ulikuwa huoni," Tegan akasema.

"Nilikuwa sioni."

"Na ulikuwa unategemea sisi tuite."

"Ndiyo."

"Na mimi nilipoita ukaniambia nikauze pai!" Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa mkono mzima kwa hasira. "Mimi nimekaa mle nimewadanganya watu wazima kwa ajili yako. Nimefungwa kama kuku wa kuchoma, nadanganya! Na wewe unanitazama tu. Usiniambie pole."

"Sijasema."

"Ulikuwa unataka."

"Nilikuwa nataka."

Tegan akageukia dirishani. Kisha Raelene akawasha gari, akainua macho kwenye kioo, kama kawaida yake. Kioo kilijaa jua la saa tisa na vumbi, hakikuonyesha chochote.

Akangoja.

Tegan alipumua kwa kero. Akashika kiti kwa mkono wake mzima, akajipinda, uso umekunjamana kwa maumivu, akatazama nyuma juu ya bega lake la kulia.

"Haya, njoo. Njoo. Kushoto kwako kidogo. Njoo... SIMAMA! SIMAMA, KUNA MTU!"

Raelene akakanyaga breki mpaka wote wawili wakarushwa. Mzee aliyekuwa akiongoza farasi wake nyuma ya gari aliwapungia kofia, akapita taratibu.

"Umesikia?" Tegan akauliza, akihema, ameshika mbavu.

"Nimesikia."

"Basi." Akaegemea kiti. "Kwa mama utasema mwenyewe. Mimi simsemei mtu tena."

"Nitasema mwenyewe."

Walifika kwa Noeline kabla ya jua kuzama. Mlango ulikuwa wazi, birika linafuka mvuke, vikombe vitatu viko mezani na kile chenye ufa kwenye kishikio Noeline amejiwekea mwenyewe. Juu ya friji kulikuwa na kofia mpya ya Kombe, ya rangi ya samawati, bado imo kwenye karatasi yake.

"Enhe, wamesemaje? Wamekuachia? Kaeni basi, mbona mmesimama kama wadai?" Akainua birika.

Tegan alipita hadi chumbani kwake, akauacha mlango wazi.

Raelene hakukaa. Alishika mgongo wa kiti, akazungusha mabega yake yote, mzima mzima, mpaka akawa uso kwa uso na rafiki yake.

"Noeline," alisema, "usimimine kwanza."