Mikorosho ya Swaumu

Mwezi wa saba, Ruponda huamka kwa ngurumo za mashine za kupulizia salfa. Umande ukiwa bado kwenye majani, kila mwenye mikorosho yuko shambani, mashine mgongoni, kitambaa puani, unga wa njano ukipanda na kushuka juu ya maua. Shamba moja tu lilikuwa kimya. Lilikuwa la Masoudi. Au tuseme, Masoudi ndiye aliyekuwa akilikalia.

Alitoka Nanganga akiwa kijana, akamwoa Swaumu, akahamia ukweni kama desturi ya Wamwera ilivyo. Shamba lilikuwa la mkewe, na kabla yake la mama mkwe. Swaumu alipofariki, kaka yake Kaimu alisema mbele ya ukoo: "Shemeji, kaa. Mradi mikorosho inapumua, wewe ni mtu wa hapa." Masoudi akakaa na binti yake Hafidha. Hakuwa na ardhi nyingine chini ya jua.

Kisha wakaja watu wa gesi, na kofia zao ngumu. Walipima, wakafunga tepe nyekundu kwenye mikorosho yake minne, wakaondoka. Hawakuahidi kitu. Ahadi zilitungwa na kijiji chenyewe, maana kijiji kilikuwa hoi: mbaazi zilikosa mnunuzi, ufuta ulishuka bei, vijana walikwenda Dar wakarudi wamekonda kuliko walivyoondoka. Kwa muuza kahawa ubishi haukuisha.

"Bomba likipita hapa, hata ugali wa mbwa tutaupikia gesi!" vijana walisema.

"Gesi iko baharini huko," Kaimu aliwajibu. "Babu zetu waliletewa karanga za Mzungu, na reli juu yake. Karanga zikawashinda, reli ikang'olewa. Leo ninyi mnaomba bomba?"

"Mjomba, wewe uliumwa na nyoka zamani, sasa unaogopa hata ung'ongo!"

Masoudi hakubishana. Alikuwa ameambiwa kwamba mti uliofungwa utepe haupogolewi wala haupuliziwi. Wathamini wakirudi wakaukuta umebadilika, wanafuta jina la mwenyewe kwenye orodha ya fidia. Akaacha kuihudumia ile minne. Kisha tamaa, au pengine njaa, ikamnong'oneza kwamba minne haitoshi. Akafungua sanduku la marehemu, akatoa khanga nyekundu, akaichana vipande, akavifunga kwenye mikorosho yote. Na shamba zima likakosa salfa.

Misimu mitatu ikapita. Ubwiri unga ukaingia. Maua yakawa meupe kama yamemwagiwa majivu, yakasinyaa, yakadondoka kabla ya kufunga korosho. Ugonjwa ukavuka mpaka wa shamba hadi kwa Kaimu.

Asubuhi moja Kaimu akaja, mashine mgongoni.

"Shemeji, nimeleta salfa yangu mwenyewe. Tupulizie. Ugonjwa wako unanimaliza na mimi."

"Usiguse! Watanifuta jina."

"Nani akufute? Jana mtendaji kasema mkutanoni, wale walikuwa wanatafuta tu. Hawarudi."

"Wanasema hivyo ili tukate tamaa, wasitulipe."

Kaimu akatikisa kichwa. Akasogelea mkorosho wa karibu, akashika kile kitambaa kilichopauka, akakigeuza. Kwa ndani, ambako jua halikufika, wekundu ulikuwa ungali mbichi, na vidoa vyeupe vya khanga vilionekana. Akatazama mti wa pili. Wa tatu. Masoudi akainamisha macho.

"Hii nilimnunulia mimi," Kaimu akasema. "Arobaini ya mama."

"Nilitaka mtoto wake apate kitu."

"Mtoto wake alikuwa na kitu, Masoudi."

Hakumwita shemeji. Masoudi akasikia ardhi ikimwondoka miguuni.

"Shamba atalilima Hafidha, nami nitamsaidia. Wewe rudi kwenu leo."

"Kwetu wapi?" Masoudi alipiga magoti, akamshika miguu. "Miaka thelathini! Nanganga nimebakiwa na dada yangu Edina tu, na yeye mwenyewe anaomba unga kwa majirani. Nipe msimu mmoja. Nitapogoa, nitapulizia, nitalala humu humu..."

Kaimu akavuta kamba ya mashine. Ngurumo ikayameza maneno yaliyosalia. Salfa ikawafunika wote wawili, mmoja amesimama, mmoja chini, na hakuna aliyeweza kujua machozi ya nani yaliletwa na unga na ya nani yalikuwa yake.

Hafidha alisikia yote toka mlangoni. Hakumtetea baba yake. Mjomba alikuwa na haki, na ushahidi ulikuwa umetapakaa chini ya kila mti. Alimfungia baba nguo mbili na muhogo mkavu, akamsindikiza hadi barabarani. Bodaboda ilipounguruma kwa mbali, akamshika mkono.

"Baba, ukifika Nanganga, usimwambie shangazi habari za gesi."

"Nimwambie nini?"

Binti akafikiri. Pikipiki ilikuwa imeshafika, dereva anasubiri.

"Mwambie umekwenda kumsalimia."